Ndege Zilizotoweka Liberty City

Grand Theft Auto IV ilipotoka tarehe 29 Aprili 2008, wahakiki waliipa sifa ambazo michezo michache mno ya video imewahi kupewa; wastani wa alama zake kwenye Metacritic ulifikia 98 kwa 100. Lakini wachezaji waliokuwa wameizoea San Andreas, toleo la mwaka 2004, walianza kunung'unika mapema, na manung'uniko hayo yanasikika mpaka leo kila gemu hizo mbili zinapotajwa pamoja. Ndege ya kurusha mwenyewe hakuna. Parashuti hakuna. Baiskeli hakuna. Gym, kinyozi, mchora tatuu, shule ya udereva, vita vya kugombea mitaa: hakuna hata kimoja. San Andreas ilikuwa na miji mitatu, Los Santos, San Fierro na Las Venturas, na katikati yake mashamba, misitu, jangwa na Mlima Chiliad. Mrithi wake alikuja na jiji moja, Liberty City, pamoja na Alderney ng'ambo ya mto, na kuzunguka vyote hivyo ni maji matupu. Iweje miaka mitatu na nusu ya kazi, tena kwa mashine zenye nguvu kuliko zile za zamani, izae kitu kidogo zaidi?

Walalamikaji hawa wana hoja, na wengi waliojaribu kuwajibu wameipuuza isivyostahili. Huambiwa kwamba vilivyoondolewa vilikuwa mapambo. Si kweli kwa vyote. Chukua mwili wa Carl Johnson, CJ, shujaa wa San Andreas. Akila mfululizo pale Cluckin' Bell, ananenepa. Akinenepa, mbio zake zinakuwa nzito na wapita njia wanamsema. Akienda gym anajenga misuli, na misuli inaonekana kwenye ngumi zake. Akikaa na njaa kwa muda mrefu, anakonda na nguvu zinamtoka. Chakula, mazoezi, mbio, mapigano na maneno ya watu mtaani vilishikana, kimoja kikimvuta mwenzake, kiasi kwamba CJ wa mchezaji mmoja hakufanana na CJ wa mwingine. Baiskeli nayo ilikuwa vivyo hivyo. Mwanzoni kabisa mwa hadithi CJ na wenzake wanakimbia risasi kwa baiskeli kurudi Grove Street, na kadiri mchezaji anavyoendesha ndivyo CJ anavyozidi kuwa hodari na kuruka juu zaidi. Niko Bellic, shujaa wa GTA IV, anakula soseji za barabarani kila siku na mwili wake haubadiliki. Hapo kitu hai kimekatwa, na pengo lake linaonekana.

Hata hivyo, hesabu hiyo inalinganisha gemu mbili zisizo rika moja. San Andreas haikuanza na kiwanja kitupu. Rockstar, watengenezaji wa gemu hizi, walitoa GTA III mwaka 2001, Vice City mwaka 2002, kisha San Andreas mwaka 2004, zote zikianzia PlayStation 2 na zote zikijengwa juu ya injini ile ile ya RenderWare. Tazama zilivyokuwa zikijaa. Katika GTA III shujaa hasemi neno hata moja, akitumbukia majini anakufa, pikipiki hazipo, na ndege pekee ya kupanda ina mabawa yaliyokatwa, hairuki ila kwa ustadi wa wachache. Vice City ikaleta pikipiki, helikopta na shujaa anayezungumza, ila kuogelea bado hajui. San Andreas ikaja na kuogelea, kupiga mbizi, baiskeli, ndege za kila namna na mwili unaobadilika. Lilikuwa zao la tatu kwenye shamba lile lile, mkulima ameshaujua udongo wake. GTA IV ilianza upya kwa PlayStation 3 na Xbox 360, juu ya injini nyingine, RAGE, ambayo kampuni ilijitengenezea. Rika yake halisi ni GTA III. Ukiiweka kando ya GTA III, hakuna atakayesema imepungua.

Lililotokea baadaye linathibitisha jambo hili. GTA V ilitoka tarehe 17 Septemba 2013, kwanza kwa mashine zile zile mbili na juu ya injini ile ile iliyoendelezwa. Ndege zikarudi, parashuti zikarudi, baiskeli, vinyozi, tatuu, jangwa na Mlima Chiliad wenyewe. Kama upungufu wa 2008 ungetokana na uvivu au kuishiwa ubunifu, vitu hivyo visingerudi vyote kwa mkupuo baada ya miaka mitano. Vilirudi kwa sababu msingi ulikuwa umeshamwagwa.

Na msingi wenyewe uligharimu. Katika dunia ya PlayStation 2, duka ni sanduku lililobandikwa picha ya madirisha, na mti ni picha kadhaa bapa zilizopachikwa kwa kukatishana. Jicho la mchezaji lilikubali, kwa kuwa televisheni za wakati ule hazikuonyesha zaidi. Mashine mpya zilipokuja, sanduku lile lile lilidai matofali, kutu, vivuli, mwanga unaobadilika kulingana na saa. Mtaa uliotosha kujengwa na watu wachache kwa muda mfupi ukawa kazi ya kundi zima. Leslie Benzies, mtayarishaji wa GTA IV, alikadiria kwamba gharama ilikaribia dola milioni 100 na kwamba kazi ilipita mikononi mwa watu zaidi ya 1,000. Bei ya kila kipande cha dunia ilipanda, na mtengenezaji akalazimika kuchagua: vipande vingi vyepesi, au vichache vizito. Rockstar wakachagua jiji moja zito.

Uzito huo ulikwenda wapi? Mgonge mpita njia kwa gari katika San Andreas: anaanguka kwa mtindo uliochorwa tayari, ule ule kila mara. Mgonge katika Liberty City: anajaribu kudaka boneti, anapepesuka, anatafuta ukuta wa kuegemea, na kila anguko linatofautiana na lililopita, kwa sababu programu iitwayo Euphoria, ya kampuni ya NaturalMotion, inakokotoa misuli na mizani ya mwili papo hapo. Ukivuka daraja unalipa ushuru wa dola tano. Ukipita bila kulipa, polisi wanakuandama. Mvua ikinyesha, watu wanafungua miavuli. Niko anashuka melini akiwa ameahidiwa na binamu yake Roman jumba na magari ya kifahari, na anapelekwa kwenye chumba kichafu cha Hove Beach. Kutoka chumba hicho mchezaji anaona umbali uliopo kati ya barua za mhamiaji na maisha yake. Kisha simu ya mkononi inaanza kulia. Roman anataka kwenda kucheza tufe, Little Jacob anataka kukutana, Brucie ana lake. Ukiwakubalia, urafiki unakua na una faida: teksi za bure za Roman, silaha za Jacob, helikopta ya Brucie. Ukiwakatalia, unapoa. Wapo wanaoziona simu hizo kero, na nawaelewa. Lakini zilikuwa sehemu iliyoshikana na nyingine, kama mwili wa CJ ulivyokuwa, na mwisho wa hadithi, ambapo uamuzi wa mchezaji unamgharimu mmoja kati ya watu wawili wa karibu na Niko, usingeuma kama huyo anayekufa asingekuwa amepiga simu mara kwa mara akiomba muda wako.

Ndiyo maana naona kuhesabu vitu ni kipimo kibovu, hata pale hesabu inapokuwa sahihi. San Andreas ina michoro 100 ya ukutani ya kufuta, picha 50 za kupiga, viatu 50 vya farasi na chaza 50 za kuokota baharini. GTA IV ina njiwa 200 wa kupiga risasi. Kwa hesabu tupu, njiwa 200 wanashinda michoro 100, na hakuna mchezaji mwenye akili timamu anayeamini kwamba hapo ndipo utajiri wa GTA IV ulipo. Saa nazo hudanganya vivyo hivyo, maana mtengenezaji yeyote anaweza kurefusha mchezo kwa kutawanya vitu vya kuokota. Ninachokitafuta mimi ni kama kitu kimoja kikiguswa, vingine vinatikisika.

Mfano ulio wazi kuliko wote unatoka Japani. The Legend of Zelda: Ocarina of Time ilitoka Novemba 1998. Mrithi wake, Majora's Mask, alitoka Aprili 2000. Nintendo walitaka gemu mpya kwa haraka, na Eiji Aonuma na wenzake wakaijenga kwa kutumia tena sura na miili ya watu waliokuwamo katika Ocarina. Mahekalu makuu yalikuwa manne tu, machache kuliko yale ya Ocarina. Kwa macho ya mhesabu, ni mwendelezo uliopunjwa. Lakini mwezi unaanguka juu ya Clock Town, zimebaki siku tatu, na kila mkazi ana ratiba yake ya siku hizo. Tarishi anakimbiza barua kwa saa maalumu. Anju, binti wa nyumba ya wageni, anamsubiri mchumba wake Kafei aliyepotea, na barua yake isipofikishwa saa yake, hawaonani. Mchezaji akitaka kuwakutanisha, inambidi awajue watu wote hao, nyendo zao na nyakati zao, kisha arudishe saa nyuma aanze tena. Mahekalu yamepunguzwa, na watu wakapewa maisha. Miaka zaidi ya 20 baadaye gemu hiyo bado inaandikwa na kujadiliwa kama mojawapo ya kazi nzito kabisa katika fani hii.

Kuna pingamizi ambalo naliheshimu kuliko mengine, nalo ni la mfuko. Gemu mpya inauzwa kwa bei ile ile au zaidi, na kwa mtu ambaye bei hiyo ni sehemu kubwa ya kipato cha mwezi, kuuliza atapata saa ngapi kwa fedha zake ni swali la haki. Afrika Mashariki swali hilo linaeleweka bila maelezo, kwa sababu wachezaji wengi wamejifunzia gemu kwenye mabanda ya mtaani, wakilipia muda au mechi. Tena mashine yenyewe ni gharama. San Andreas ilifunguka kwenye kompyuta za kawaida, na tangu Desemba 2013 kwenye simu. GTA IV ya kompyuta, iliyotoka Desemba 2008, ilielemea hata mashine zilizokuwa na nguvu wakati huo. Kwa kijana wa Dar es Salaam au Nairobi mwenye kompyuta ya mtumba, San Andreas ilikuwa na vingi zaidi kwa maana ya wazi kabisa: ndiyo iliyocheza. Silipingi hilo. Nasema tu kwamba mfuko unatupa haki ya kuuliza kama gemu inastahili bei, na jibu la swali hilo halipatikani kwa kuhesabu ndege. Anayenunua gemu moja kwa mwaka anahitaji zaidi kuliko wengine iwe ya kumrudisha mara ya pili na ya tatu, na kinachomrudisha mtu ni mambo yaliyoshikana.

Pingamizi la pili ni kali zaidi. Tukisema kupungua si kosa, je, hatuwapi watengenezaji ruhusa ya kutupunja? Hapa ndipo lazima mstari uchorwe, na mstari naujengea juu ya mfululizo wa gemu za The Sims. The Sims 4 ilipotoka Septemba 2014 haikuwa na mabwawa ya kuogelea wala watoto wadogo wa kutambaa, vitu vilivyokuwamo katika The Sims 3 tangu 2009. Mtaa wa wazi, ambao mchezaji aliweza kuupita nyumba kwa nyumba bila kusubiri, nao uliondolewa. Mabwawa yalikuja Novemba 2014, watoto Januari 2017, vyote bure, na hilo liwe sifa kwao. Lakini tazama utaratibu mpana. Wanyama wa kufuga waliuzwa kama nyongeza kwa The Sims 2 mwaka 2006, wakauzwa tena kwa The Sims 3 mwaka 2011, wakauzwa tena kwa The Sims 4 mwaka 2017. Misimu ya hali ya hewa: 2007, 2012, 2018. Chuo kikuu: 2005, 2013, 2019. Kila kizazi kipya kinafuta ulichonunua, halafu kinakuuzia upya. Watetezi watasema kila mara vimetengenezwa upya na kwa ubora zaidi, na kazi hiyo kweli ina gharama. Ni sawa. Lakini pale upungufu unapokuwa ratiba ya mauzo inayojulikana miaka kabla, mtengenezaji hakuchagua kati ya vingi vyepesi na vichache vizito. Alichagua duka. GTA IV nayo haikusalimika kabisa na shutuma hii: parashuti zilirudi Oktoba 2009 katika The Ballad of Gay Tony, nyongeza iliyouzwa peke yake, na wenye PlayStation 3 waliisubiri hadi Aprili 2010.

Na kuna jambo zito kuliko hilo. Mtu aliyechukizwa na Liberty City aliweza kurudi San Andreas jioni ile ile, maana diski yake ilikuwa bado kabatini na GTA IV haikumnyang'anya kitu. Overwatch 2 ilifanya kinyume. Ilipoanza Oktoba 2022, seva za Overwatch ya 2016, gemu ambayo watu waliinunua kwa fedha zao, zilizimwa. Timu za watu sita zikawa za watano. Sababu kubwa iliyotolewa ya kuita kazi hiyo toleo la pili ilikuwa hadithi na misheni za kushirikiana dhidi ya kompyuta, zilizotangazwa Novemba 2019; Mei 2023 ikatangazwa kwamba sehemu kubwa ya mpango huo imefutwa. Mchezaji alipoteza ya zamani ili apishe nafasi kwa ahadi, kisha ahadi ikaondolewa. Baadaye mfumo wa watu sita ulirudishwa kama chaguo, jambo linaloonyesha kwamba madai ya wachezaji hayakuwa ya kupenda mazoea tu. Kuwa kwa Overwatch 2 ya bure hakulipi deni hilo, kwa sababu waliopoteza ni hasa wale waliokuwa wamelipa.

San Andreas yenyewe haikuachwa salama. Mwaka 2014 baadhi ya nyimbo za redio ziliondolewa katika toleo la kompyuta linalouzwa mtandaoni, leseni zake zilipoisha. Mwaka 2018 ikawa zamu ya GTA IV, na stesheni ya Vladivostok FM ikapoteza nyimbo nyingi na kuwekewa nyingine. Mwaka 2021, kabla ya toleo lililorembwa la gemu tatu za PlayStation 2, za asili ziliondolewa kwenye maduka ya mtandaoni. Za kompyuta zilirudishwa baada ya wachezaji kupaza sauti. Toleo hilo jipya la San Andreas lina miji yote mitatu, barabara zote na mlima wote, hakuna hata mita iliyokatwa. Lakini ukungu wa asili, uliowekwa kwa sababu PlayStation 2 haikuweza kuchora mbali, ulikuwa umeondolewa. Ukisimama juu ya Chiliad uliona mji upo pale karibu, na nchi iliyokuwa ikionekana haina mwisho ikawa kama bustani. Kwa orodha, kila kitu kipo. Kwa mchezaji, jimbo zima lilikuwa limesinyaa, na ilichukua hadi Novemba 2024 marekebisho makubwa ya mwanga na anga kufika.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Mtengenezaji ana haki ya kutoa kidogo, mradi aseme mapema alichoacha, asikiweke kando ili akiuze kesho, na aiache gemu ya zamani ikiwa hai na nzima. GTA IV ilitimiza karibu yote, na sioni kwa nini iendelee kushtakiwa kwa ndege zake. Overwatch 2 haikutimiza. Nanyi wasomaji mnaocheza, mkitaka kulalamika kuhusu toleo jipya, ulizeni kwanza kama la zamani bado linanunulika na linacheza kama lilivyotoka. Hapo ndipo hasara isiyorudi inapotokea, na hapo ndipo kelele zetu zinahitajika. Mwenye diski ya San Andreas ya 2004 asiitupe.